Dada wa Fort Worth, anza na stika ya mlango wa gari ndo utafute tela

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nimjibu yule dada wa Fort Worth, Texas, aliyeuliza achague tela gani dogo la kulala, la bei nafuu, kwa ajili ya safari za familia. Kasema ana watoto watano, gari lao ni Toyota Sienna, na hoteli zimewachosha maana kila wakifika mapokezi wanahesabiwa vichwa halafu wanaambiwa lazima wachukue vyumba viwili. Waliomjibu nimewasoma wote na karibu kila mtu kamtajia tela lake analolipenda, mmoja anasema chukua lile la umbo la tone, mwingine anasema nenda kwa dila, yaani duka la kuuza matela, kuna mikopo ya miaka kumi na tano, mwingine eti auze Sienna anunue pikapu, hakuna hata mmoja aliyemuuliza hiyo Sienna yenyewe ni ya mwaka gani. Mi nipo Columbus, Ohio, navuta tela miaka kadhaa sasa, na ninavyoona swali lake jibu lipo kwenye gari, ukishajua gari lako linaweza nini basi matela mengi yanajiondoa yenyewe na unabaki na machache ya kuchagua.

Iko hivi dada. Sienna zenye injini ya V6 (silinda sita) ya petroli tupu, zile za kabla ya 2021, Toyota wanaruhusu zivute mpaka paundi 3,500, yaani kama kilo 1,590. Kuanzia 2021 Sienna zote ni haibridi, yaani petroli na umeme, na hizo mwisho wake ni paundi 1,500 tu, hazifiki hata kilo 700. Jina lilelile, umbo karibu lilelile, lakini moja linavuta tela la familia na jingine linavuta kitela cha kubebea baiskeli na mahema. Honda Odyssey nayo inafika 3,500, Toyota Highlander ya V6 yenye vifaa vya kuvutia inafika 5,000, RAV4 nyingi za kawaida ni 1,500. Usiulize mtu, soma kitabu cha gari lako mwenyewe kile kinachokaa kwenye dashibodi hakuna anayekifungua, kwa sababu hata gari la mwaka mmoja linaweza kutofautiana kwa sababu ya rejeta ya kupooza mafuta ya giaboksi au kitu kingine kama hicho.

Sasa hapo kwenye 3,500 ndo wengi wanaishia, wanaona tela limeandikwa 2,900 wanashangilia wanatoa hela. Kuna namba ya pili ambayo kwa familia zetu ndo inaumiza zaidi kuliko ya kwanza. Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo, kuna stika ndogo ya matairi, imeandikwa uzito wa watu wote na mizigo usizidi paundi kadhaa. Ile namba inahesabu kila kitu kilichopanda kwenye gari, pamoja na uzito wa shingo ya tela unaokalia ile gololi kubwa ya chuma nyuma ya gari inayoshika tela, na shingo ya tela inatakiwa iwe na asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa tela zima, chini ya hapo tela linaanza kuyumba kama mlevi.

Tupige hesabu tu tuone. Tuseme stika yako inasema paundi 1,150. Baba na mama pamoja 350. Watoto watano, wakubwa kwa wadogo, weka wastani wa 80 kila mmoja, hiyo 400. Tumeshafika 750, imebaki 400. Tela lenye uzito wa 2,500 likiwa limejaa, shingo yake asilimia 12, hiyo ni 300. Imebaki 100. Chuma chenyewe cha kuvutia kilichofungwa chini ya gari nacho kina paundi zake 40 hivi. Kwa hiyo mabegi, deli la vinywaji, viti vya watoto, viatu, simu na chaja zake, vyote mna paundi 60, na hapo bado bibi hajaja kutembea kutoka Tanga. Ndo maana nikisikia mtu anakwambia gari inavuta elfu tatu na mia tano kwa hiyo chukua tela la elfu tatu na mia tano mi nashika kichwa.

Halafu uzito wanaouandika kwenye matangazo ni wa tela tupu kabisa, limetoka kiwandani halina betri, halina gesi, wakati mwingine hata kiyoyozi cha juu hawajakihesabu. Maji galoni moja ni paundi zaidi ya 8, tangi dogo la galoni 20 likijaa umeongeza kama 167. Mtungi wa gesi wa kawaida ule wa paundi 20 ukiwa umejaa unakaribia 37 pamoja na chuma chake. Magodoro, mablanketi, sufuria, meza, viti vya kukunja, mchele (si unajua sisi hatusafiri bila mchele), unajikuta tela la 1,900 limekuwa 2,500 bila hata kununua kitu cha ajabu. Ndani ya tela, karibu na mlango au kwenye kabati, kuna stika inayosema linaruhusiwa kubeba mzigo kiasi gani, na nje mbele upande wa dereva kuna nyingine yenye uzito wa mwisho wa tela likiwa limejaa. Hiyo ya mwisho ndo ya kulinganisha na gari lako, ya tangazo achana nayo.

Na ukitaka kuhakikisha, ndugu zetu wengi huku ni madereva wa malori, waulize kuhusu CAT Scale, ile mizani ya kwenye vituo vya malori. Unapanda na gari lako na tela na familia ndani, unalipa dola chache, unapewa karatasi inayoonesha kila ekseli imebeba nini. Kila dereva wa lori anaijua, atakuelekeza hata namna ya kubonyeza kile kitufe cha kuongea na karani.

Basi tuje kwenye matela yenyewe.

Yale ya umbo la tone ni mazuri kwa picha. Mengi kitanda ni kimoja, jiko lipo nyuma unafungua kama buti, mepesi sana hata RAV4 inavuta mengine. Kwa wawili waliooana juzi sawa, kwa watu saba hapana, utalaza watoto kwenye hema nje na hapo swali linakuja la nini sasa umenunua.

Yapo ya faiba (fiberglass), yale ya mviringo yanafanana na yai. Haya kiukweli nayaheshimu. Kampuni ya Scamp wanatengeneza Backus, Minnesota, kampuni ya Casita wanatengeneza huko huko kwenu Texas, na asili ya umbo hili ni Boler iliyoanza Winnipeg, Canada, mwaka 1968. Uzuri wake ni kwamba mwili ni maganda mawili ya faiba yaliyounganishwa katikati, hakuna maungio mengi ya kupitisha maji, kwa hiyo unakuta la miaka thelathini bado linatembea na bei haijashuka sana. Ubaya ni huohuo, bei haijashuka. Jipya la futi 13 ni zaidi ya dola elfu ishirini, na la futi 13 watu wanne ndani wanalala kwa kukunja magoti. Mkiwa na mtoto mmoja au wawili na mna hela, sina neno, chukueni hilo.

Kuna yale ya kisanduku, ya kawaida, kuta zimenyooka, ndani kuna vitanda vya ghorofa vya watoto, choo, bafu. Watoto wakiingia kwa dila wakaona kitanda cha ghorofa hapo umekwisha. Shida ya haya madogo ya bei rahisi ni mawili, uzito unapita haraka sana kile Sienna inachoweza, na kuta zake nyingi ni fremu ya mbao imefunikwa bati jembamba au faiba nyembamba, juu kuna paa la mpira lenye maungio yaliyozibwa kwa gundi, gundi ikipasuka maji yanaingia taratibu miaka mitatu hujui, siku unakuja kujua mbao imekuwa kama mkate uliolowa chai. Nilipokuwa natafuta nilikwenda kuangalia moja la jamaa mmoja hapa nje ya mji, kapiga rangi nzuri, ndani kaweka zulia jipya na kapulizia manukato. Nikaweka kidole gumba kwenye ukuta chini ya dirisha la nyuma, pembeni kabisa kwenye kona, nikasukuma kidogo tu, kikazama. Nikasogea inchi mbili, kikazama tena. Mwenyewe ananiangalia anasema hiyo ni kawaida ya matela. Si kawaida. Kona za chini ya madirisha, pembe za paa kwa ndani, sakafu mbele ya mlango na chini ya sinki, sukuma zote, nusa makabati ukiwa umeyafungua, na ukikuta zulia jipya kwenye tela la zamani uliza limefunika nini. Ikiwezekana nenda kuangalia siku ya mvua.

Sasa mimi kwa familia ya watu saba na Sienna ya V6 nasema tela la kukunja. Lile ambalo njiani ni kisanduku kifupi, mkifika unazungusha mkono wa chuma paa linapanda, unavuta vitanda viwili vinatoka huku na huku, kuta ni turubai. Mengi yanalaza watu sita mpaka wanane, kwa hesabu ya kwenye karatasi lakini watoto wanatosha kweli. Uzito wake mengi yapo kati ya paundi 1,500 na 2,500 yakiwa matupu. Na kitu ambacho hakiandikwi kwenye tangazo ni upepo. Tela refu lililosimama linapigwa na upepo kwa mbele, Sienna yako kwenye haiwei inalia mafuta yanakwisha ukiangalia, halafu lori kubwa likikupita linakuvuta kwanza halafu linakusukuma. Tela la kukunja likiwa limefungwa linakaa chini ya kioo chako cha nyuma, unaona magari nyuma kama kawaida, upepo unapita juu. Kwa gari dogo tofauti hii ni kubwa kuliko hata ya uzito. Na hata historia ipo hapo, Jayco ambayo leo ni jina kubwa ilianza 1968 kwenye shamba la Lloyd Bontrager huko Middlebury, Indiana, na walianza na matela haya haya ya kukunja, yalikuwa ndo safari ya familia ya kawaida yenye gari la kawaida.

Yaliyotumika ninayoyaona yanauzwa na watu binafsi yanaanzia kama dola elfu tatu mpaka elfu saba, inategemea umri na hali. Ukienda kuangalia usikubali akuoneshe likiwa limeshafunguliwa. Mwambie alifunge lote halafu alifungue tena wewe ukiwa umesimama hapo. Paa lipande sawa pembe zote nne, likipanda upande mmoja likachelewa mwingine basi kuna waya wa kunyanyulia umechoka au umekatika, na hiyo kazi ya kubadilisha si ndogo. Baadhi ya matela ya miaka ya mwisho ya tisini na mwanzo wa elfu mbili yalikuwa na paa la plastiki linalopasuka nyufa, panda kwenye ngazi uangalie juu kwa macho yako. Turubai lishike, livute kidogo, angalia zipu zote, angalia madoa meusi ya ukungu hasa kwenye mikunjo, ukisikia harufu ya chumba kilichofungwa tangu masika ujue lilikunjwa likiwa limelowa. Turubai jipya linashonwa kwa oda na linaweza kuchukua dola elfu moja au zaidi, kwa hiyo hilo mnapunguziana kwenye bei au unaondoka.

Matairi usiangalie kashata, angalia tarehe. Ubavuni kuna herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki mbili za mwisho ni mwaka, 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi la tela likipita miaka mitano sita badilisha hata kama linaonekana jipya, linakauka likiwa limesimama tu. Na mengi yametengenezwa kwa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa, hili Texas mtaliona gumu maana huko watu wanakwenda 80 lakini kaeni kulia mwache wapite.

Breki nazo. Kila jimbo lina sheria yake, California tela la kulala likifika paundi 1,500 linatakiwa breki zake lenyewe, Texas ni mpaka lizidi 4,500. Mi nasema tafuta lenye breki hata kama Texas hawakulazimishi, kwa sababu breki za Sienna ziliundwa kusimamisha Sienna. Breki za umeme zinataka kidude cha kuziendesha kifungwe karibu na dereva, na zinataka soketi ya nyuma yenye pini saba, ile ya pini nne ni ya taa tu. Mafundi wanaofunga vyuma vya kuvutia wanafunga na hivi siku hiyohiyo, ulizia bei yote kwa pamoja. Minyororo miwili ya usalama ivuke kama msalaba chini ya shingo, ili ikichomoka tela lidakwe lisichimbe lami.

Hati ya umiliki lazima iwepo na jina la anayekuuzia, na namba ya kwenye hati ifanane na ya kwenye fremu. Akisema karatasi zipo kwa shemeji yake, muage vizuri.

Sasa kuhusu dila na mikopo naomba niseme kidogo maana hapa jamii yetu tunaumizana. Mwaka 2021 wakati wa korona Wamarekani walikuwa hawataki ndege wala hoteli, viwanda vikatoa matela na magari ya kulala zaidi ya laki sita kwa mwaka mmoja, rekodi haijawahi kutokea. Ilipofika 2023 yakashuka mpaka kama 313,000. Watu wengi walioyanunua wakati ule walitembelea mara chache yakawashinda, sasa yamekaa uani yanalipiwa bima. Maana yake kwako mnunuzi ni kwamba yaliyotumika yapo kibao na mwenye nayo anataka aone nafasi ya kuegesha imerudi. Halafu mtu anaacha hayo anakwenda kukopa jipya. Chukua la dola 25,000, riba asilimia 9, miaka 15, unalipa kama 254 kwa mwezi, unaona ni ndogo, mwisho umelipa zaidi ya 45,600, na tela lenyewe la mbao na gundi sijui kama litafika hiyo miaka 15 lina kuta. Dila hakuambii bei, anakuuliza unaweza kulipa ngapi kwa mwezi. Wewe mwulize bei ya mwisho ya kutoka nayo getini pamoja na ada zao zote za kuandaa na kusafirisha na karatasi, na umwombe aiandike.

Na kuna hii ya kujionesha, tusifichane. Mtu anaposti tela la futi thelathini nyumbani wanamwita bosi, la kukunja wanamuuliza mbona unalala kwenye hema. Waache. Zile Airstream za alumini zinazong'aa, zinazotengenezwa Jackson Center hapa hapa Ohio, nazipenda kuziangalia kama mtu mwingine yeyote, na mwaka 1959 mwanzilishi wake Wally Byam aliongoza msafara wa matela 41 kutoka Cape Town mpaka Cairo, walipofika Uhabeshi wakapokelewa na Mfalme Haile Selassie. Lakini walivuta kwa magari mazito ya kazi hasa, na hata hivyo barabara ziliwatoa jasho. Si kwa gari la kupelekea watoto shule.

Tela la kukunja lina kero zake na nisipozisema nitakuwa nakuuzia. Mkifika mmechoka kuna kazi ya kulifungua, watoto wakijua kila mtu kazi yake inakwenda haraka, wasipojua mnagombana. Mkiondoka asubuhi yenye mvua lazima mkifika nyumbani mlifungue tena uani likauke, usiseme kesho. Kelele za majirani zinapita kwenye turubai. Bibi kupanda kile kitanda cha pembeni ni juu sana kwa magoti yake, mlaze kwenye ile meza inayogeuzwa kitanda. Mengi hayana choo, au yana kile cha kubeba kinachokaa kabatini, usiku mtoto mdogo akitaka kutoka utashukuru kuwa nacho, na kopo lako la maji ulibebe kutoka nyumbani maana vyoo vya kambi vina karatasi tu. Kupika pikeni nje. Kuna jiko la gesi ndani ndiyo, lakini ukikaanga samaki au ukaunga kitunguu cha pilau mara moja tu humo ndani turubai na magodoro vinanusa mpaka mwaka unaofuata, na gesi ikiwaka kwenye nafasi ndogo imefungwa si salama. Baadhi ya sehemu zenye dubu matela ya turubai hawayaruhusu kabisa, kwa mfano kambi ya Fishing Bridge kwenye hifadhi ya taifa ya Yellowstone wanataka yenye kuta ngumu tu, kwa hiyo soma masharti kabla hujalipia.

Na joto. Texas mwezi wa nane turubai ni tanuri, hili ndo la kufikiria kuliko yote kwa mtu wa Fort Worth. Tafuta lenye kiyoyozi juu ya paa na uchukue sehemu ya kambi yenye umeme wa ampea 30, uegeshe kwenye kivuli, kuna na vifuniko vya kung'aa vya kutandaza juu ya vitanda vya pembeni vinasaidia kweli. Hata hivyo kwa huko mi ningesafiri zaidi kuanzia Oktoba mpaka Aprili na Agosti ningeelekea milimani New Mexico au Colorado, kule usiku unatafuta blanketi.

Kuna msomaji mwingine aliuliza kama linaweza kupakiwa kwenye kontena na kupelekwa Tanzania. Linaweza, ila fikiria haya, mlango wa tela la Marekani upo upande wa kulia kwa sababu huku tunaendesha kulia, ukiegesha pembeni ya barabara ya Morogoro watoto wanashukia barabarani kabisa. Umeme wake ni volti 120 na nyumbani ni 230. Ukijumlisha na ushuru, mafundi wa kuchomelea wa Dar au Arusha watakutengenezea tela imara la chuma lenye springi za nguvu, juu ukaweka hema, likahimili rafu ambayo haya ya kiwandani hayajawahi kuiona.

Turudi kwa dada. Kabla hujanunua kodi kwanza. Ipo mitandao kama Outdoorsy na RVshare ambako watu binafsi wanakodisha matela yao, wengine wanakuletea mpaka kambini na kulifungua wao, kwa hiyo hata Sienna yako haivuti kitu. Chukueni wikiendi moja kwenye kambi ya Holiday Park, ziwa Benbrook hapo hapo Fort Worth, inayosimamiwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi, au mwende hifadhi ya Dinosaur Valley karibu na Glen Rose watoto wakaone nyayo za dinosaria kwenye mto Paluxy. Kadi ya mwaka ya hifadhi za jimbo la Texas inaingiza gari zima, na kama una mtoto wa darasa la nne mwaka huu kuna pasi ya bure ya hifadhi za taifa inayoingiza familia yote kwenye gari, muulize mwalimu wake. Kwenye hifadhi nyingi za taifa nafasi za kambi zinafunguliwa miezi sita kabla na za sikukuu zinakwisha asubuhi hiyohiyo, weka alamu.

Hesabu ya mwisho ni hii. Vyumba viwili vya hoteli tuseme 240 kwa usiku na kambi yenye umeme tuseme 40, unaokoa 200, kwa hiyo tela la elfu tano linahitaji kama usiku 25 lirudishe hela yake, weka na bima na matairi iwe 30 na kidogo. Mkiona mtafika huko kwa miaka mitatu minne, nunueni. Kama mnasafiri mara moja kwa mwaka siku ya Shukrani kwenda kwa mjomba Houston, endeleeni kukodi, au mlale kwa mjomba.

Ni mimi msomaji wenu,
Columbus, Ohio